Mwongozo Kamili wa Kupima Kipato na Deni la Mkopo Kabla ya Kuchagua Shahada ya Biolojia

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, vijana waliomaliza kidato cha sita kwa tahasusi za PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) huniletea swali lile lile: "Biolojia inalipa?" Wengi wao wamekwishapiga hesabu, lakini hesabu zenyewe karibu zote zina makosa ya aina moja. Wameandika mshahara waliousikia kwa mtu mmoja aliyefanikiwa, wameugawa kwa deni la mkopo, wakaona deni linaisha ndani ya mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyeandika makato, wala miaka ya kukaa mtaani baada ya mahafali.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa Tanzania Bara anayetegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, yaani HESLB. Aliyeko Zanzibar na anayetegemea bodi ya huko anaweza kuzifuata hatua hizi, mradi aweke masharti ya bodi yake mahali penye masharti ya HESLB. Kazi yote inahitaji jioni mbili zenye utulivu, na ni vyema ifanywe kabla ya kutuma maombi, kwa sababu kuhama kozi baada ya kuthibitisha udahili ni usumbufu mkubwa na si kila anayeomba anafanikiwa.

## Vitu vya kuandaa

- Matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita, pamoja na alama za kila somo.
- Mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka huu, si wa mwaka jana.
- Mwongozo wa utoaji mikopo wa HESLB wa mwaka huu.
- Karatasi ya ada ya kila chuo unachokifikiria, ikiwa na ada ya masomo, usajili, bima, mitihani na mafunzo kwa vitendo.
- Matangazo ya kazi ya miaka miwili iliyopita kutoka Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na kutoka kwa waajiri binafsi.
- Hati ya mshahara ya ndugu au jirani aliyeajiriwa, hata kama amefunika jina lake kwa kidole. Hiki ndicho kitu ambacho vijana wengi hukiacha, nacho ndicho kinachofundisha kuliko vyote.
- Daftari na kikokotoo cha simu.

## Hatua ya 1: Andika kozi kwa jina lake kamili

Neno "biolojia" linafunika kozi zisizofanana hata kidogo katika ajira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mikrobiolojia, na pia biolojia ya molekuli na bioteknolojia. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kina usimamizi wa wanyamapori, na kina bioteknolojia na sayansi za maabara. Kuna shahada ya sayansi yenye ualimu ndani yake, na kuna shahada za sayansi za maabara za afya zinazotolewa na vyuo vya afya kama MUHAS na CUHAS.

Chagua kozi tatu hadi tano ambazo alama zako zinakuruhusu, kisha uzipe kila moja ukurasa wake. Andika jina lote, jina la chuo na idadi ya miaka.

Utajua umefaulu ikiwa hakuna ukurasa wenye neno "biolojia" peke yake.

## Hatua ya 2: Soma mlango wa ajira kabla ya kusoma mshahara

Mshahara hauna maana kama mlango wake haukufungukii. Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na naomba usiikimbie.

Chukua matangazo ya kazi uliyoyakusanya. Katika kila tangazo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya sifa za mwombaji. Hapo utakuta orodha ya fani zinazokubaliwa, na mara nyingi orodha hiyo ni ya majina mahususi: zoolojia, botania, mikrobiolojia, usimamizi wa wanyamapori, sayansi za mazingira. Kila unapoliona jina la kozi yako, weka alama ya kijiti kwenye ukurasa wake na uandike pembeni idadi ya nafasi zilizotangazwa. Tangazo la nafasi 2 na tangazo la nafasi 60 haviwezi kuwa na uzito sawa.

Usiegemee maneno kama "au fani inayofanana na hizo". Maneno hayo yanaweza kukusaidia siku ya kuomba, lakini ukiyahesabu kama nafasi yako tangu leo utakuwa unajenga juu ya mchanga. Hesabu tu pale jina la kozi lilipoandikwa waziwazi.

Waajiri wa umma wa kuanza nao ni hawa: TANAPA, TAWA na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kwa uhifadhi, TAWIRI, TAFIRI, TARI na NIMR kwa utafiti, TMDA, TBS, TPHPA na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa udhibiti na uchunguzi wa maabara. Kwa kazi za uhifadhi, kumbuka kwamba waajiriwa wa hifadhi huingia katika mfumo wa kijeshi wa Jeshi la Uhifadhi, kwa hiyo soma pia vigezo vya umri na afya. Kijana anayetarajia kumaliza shahada akiwa na miaka 28 anapaswa kuvisoma leo.

Baada ya hapo, uliza swali la pili: je, kazi hiyo inahitaji usajili wa baraza la taaluma? Hapa ndipo nilipoona machozi mengi. Watu hudhani kwamba aliyesoma biolojia ya molekuli, ambaye ameshinda miaka mitatu maabara, anaweza kufanya kazi ya kupima damu hospitalini. Maabara za hospitali zina baraza lake, Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na wanaosajiliwa ni wale waliosoma sayansi za maabara za afya. Ujuzi wa kutumia darubini na pipeti unaweza kuwa ule ule, lakini cheti sicho.

Hali ni kama hiyo kwa ualimu. Aliyesoma shahada ya sayansi isiyo na ualimu hutakiwa kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu ili atambulike kuwa mwalimu. Ukiwa unajiambia "nikikosa, nitafundisha", basi mwaka huo wa nyongeza na ada yake uingie kwenye hesabu tangu sasa. Siku hizi walimu nao hupitia usaili, kwa hiyo ualimu usihesabiwe tena kama mlango ulio wazi siku zote.

Utajua umefaulu ikiwa kila ukurasa una vijiti, idadi ya nafasi, na jibu la ndiyo au hapana kuhusu usajili wa taaluma. Ukurasa usio na kijiti hata kimoja baada ya miaka miwili ya matangazo umekwishakupa jibu zito, hata kama unaipenda kozi hiyo.

## Hatua ya 3: Jumlisha deni la Bodi lote

Fungua mwongozo wa mikopo, tazama vipengele vinavyokopeshwa, kisha uvijumlishe kwa miaka yote ya kozi. Kiasi utakachopangiwa kitategemea uhitaji wa familia yako, lakini kwa hesabu ya tahadhari chukulia kwamba umepata vyote.

Huu ni mfano wa kozi ya miaka mitatu. Ada nimeiweka shilingi 1,300,000 kwa mwaka kama kielelezo. Wewe weka ya chuo chako. Chakula na malazi, lile bumu ambalo wanafunzi hulisubiri kwa hamu, limekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Tukichukua siku 240 kwa mwaka tunapata 2,400,000. Vitabu na viandikio tuweke 200,000. Mwaka mmoja ni 3,900,000, na miaka mitatu ni 11,700,000. Ongeza mafunzo kwa vitendo ya siku 56 kwa 10,000, yaani 560,000. Jumla inakuwa 12,260,000. Ada ya uendeshaji ya asilimia 1 inaongeza 122,600, nasi tunafika 12,382,600.

Mjomba aliyesoma zamani anaweza kukutisha kwamba deni la Bodi huongezeka kila mwaka. Kwa wakati wake alisema kweli: kulikuwa na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyofutwa kuanzia Julai 2021. Leo unarejesha ulichokopa pamoja na ile ada ya uendeshaji. Kwa sababu hiyo naamini vijana wengi wanaliogopa deni la Bodi kupita kiasi na kuvisahau vitu vibaya zaidi, ambavyo vinakuja katika hatua ya 4 na ya 6.

Onyo: bumu si zawadi. Kila shilingi unayoipokea mkononi mwaka wa kwanza inaandikwa kwenye deni sawasawa na ada iliyokwenda chuoni, na katika mfano wetu zaidi ya nusu ya deni lote imetokana na kula na kulala.

Kabla ya kuendelea, angalia kama ufaulu wako unakuweka kwenye Samia Scholarship, ufadhili ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri sana katika masomo ya sayansi. Ule ni ufadhili na haurejeshwi. Ukiupata, hatua hii unaifuta na kwenda inayofuata.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja ya deni kwa kila kozi.

## Hatua ya 4: Andika deni lisiloandikwa popote

Bodi ikikupangia sehemu tu ya mahitaji, pengo hujazwa na nyumbani. Baba huuza ng'ombe, mama hukopa kikoba, dada aliyeanza kazi hukata kwenye mshahara wake. Deni hilo halina mkataba, ila lina ndugu watatu nyuma yako wanaosubiri zamu ya kusomeshwa.

Kaa na mzazi au mlezi. Muulize kwa adabu fedha ya kujazia itatoka wapi kila mwaka, na kama ni ya mkopo, riba yake ni kiasi gani. Mkopo wa kikoba au wa benki una riba, na unaanza kurejeshwa ukiwa bado darasani, wakati deni la Bodi linakusubiri miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Kwa hiyo laki moja ya kikoba ni nzito kuliko laki moja ya Bodi, na haifai kuzijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja. Ziandike safu mbili.

Wazazi wengi hawapendi kuzungumzia fedha mbele ya mtoto, na wengine watakujibu tu, "Wewe soma, Mungu atasaidia." Pokea dua hiyo kwa heshima, kisha siku nyingine urudi na karatasi ya ada mkononi. Nimeona mara nyingi kwamba karatasi yenye namba huanzisha mazungumzo ambayo swali tupu halikuweza kuyaanzisha.

Utajua umefaulu ikiwa mzazi ameiona namba na kuikubali kuwa ya kweli.

## Hatua ya 5: Shuka kutoka mshahara hadi kinachoingia benki

Sasa fungua ile hati ya mshahara. Juu pameandikwa mshahara wa msingi. Chini, baada ya mistari mingi, pana kiasi kilicholipwa. Umbali kati ya namba hizo mbili ndio somo lenyewe.

Chukulia mhitimu ameajiriwa serikalini kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, hukata asilimia 5, yaani 40,000. Kinachotozwa kodi kinabaki 760,000, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 kodi yake ni 68,000. Bima ya afya, asilimia 3, ni 24,000. Kisha unakuja mstari wa HESLB: asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Kinachoingia benki ni 548,000.

Kwa makato hayo, deni letu la 12,382,600 linaisha baada ya miezi 104, kwa maneno mengine karibu miaka tisa. Mshahara ukipanda, makato nayo yatapanda na muda utafupika.

Fanya hesabu ya pili kwa mwajiri binafsi anayelipa kidogo, kwa sababu wahitimu wengi wa biolojia huanzia huko. Kwa mshahara wa 500,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, ikikata asilimia 10 ni 50,000, kodi ni 14,400, na HESLB ni 75,000. Kinachobaki ni 360,600. Deni lile lile sasa linachukua karibu miaka 14. Toa kodi ya chumba na nauli ya mji unaofikiria kuishi, uone kama kinachobaki kinakulisha.

Aliyejiajiri hajasahauliwa. Sheria inamtaka alipe shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Anayepanga kufuga samaki au kuzalisha uyoga baada ya shahada auweke mstari huo kwenye mpango wake wa biashara.

Onyo: usitumie mshahara wa bingwa. Daktari wa utafiti aliyesoma hadi uzamivu na kulipwa na mradi wa nje si kipimo cha mwenye shahada ya kwanza. Tumia mshahara wa kuanzia kazi, tena wa chini katika ile uliyoisikia.

Utajua umefaulu ikiwa kila ukurasa una namba mbili: kinachoingia benki kwa mwajiri mzuri, na kinachoingia kwa mwajiri wa kawaida.

## Hatua ya 6: Ingiza miaka ya kusubiri

Hapa ndipo uamuzi unapogeuka. Chora mstari wa miaka 10 kuanzia siku unayoingia chuoni, kisha ugawe vipande vitatu: kusoma, kusubiri, kufanya kazi. Urefu wa kipande cha katikati usiubuni. Tafuta watu watano waliomaliza kozi hiyo hiyo miaka mitatu au minne iliyopita, uwaulize kila mmoja alikaa muda gani kabla ya kupata mshahara wa kwanza wa kudumu. Waombe walimu wako wa sekondari wakuunganishe na wanafunzi wao wa zamani. Waliokosa kazi ni muhimu kuliko waliopata, ingawa ni wagumu kupatikana kwa sababu wanaona aibu.

Sasa linganisha. Kijana wa kwanza anasoma shahada ya biolojia miaka mitatu, anasubiri minne, kisha anafanya kazi mitatu kwa kupokea 548,000. Katika miaka 10 ameingiza 19,728,000, na deni lililobaki ni 8,062,600. Kijana wa pili anasoma stashahada ya maabara za afya kwa miaka mitatu, familia ikitumia 6,000,000. Anasubiri mwaka mmoja, kisha anafanya kazi miaka sita kwa mshahara wa msingi wa 550,000, ambao baada ya PSSSF, kodi na bima unamwachia 485,500. Ameingiza 34,956,000, ukitoa gharama ya familia, zinabaki 28,956,000.

Lakini mrudishe kijana wa kwanza, umpe mwaka mmoja tu wa kusubiri. Anaingiza 39,456,000, deni lake linashuka hadi 3,742,600, na ngazi ya mshahara iliyo mbele yake ni ndefu kuliko ya mwenzake. Kozi ni ile ile na mkopo ni ule ule. Miaka mitatu ya kukaa mtaani ndiyo iliyoligeuza jibu, na ndiyo sababu nawasihi vijana wauulizie muda wa kusubiri kwa bidii ile ile wanayouulizia mshahara.

Mishahara na gharama hizi ni kielelezo cha kukuonyesha njia. Hesabu yako itumie namba ulizozikusanya wewe.

Utajua umefaulu ikiwa kila kozi ina mistari miwili ya miaka 10, mmoja wa kusubiri kidogo na mwingine wa kusubiri sana, na unaweza kusema ni upi uliosikika zaidi kwa wale watu watano.

## Hatua ya 7: Kama moyo umeng'ang'ania kozi yenye namba mbaya

Wapo wanaoipenda zoolojia tangu utotoni, na sitawaambia waiache. Nawaomba waifupishe ile nafasi ya kusubiri kwa mambo yanayopimika.

La kwanza ni kuchagua toleo la kozi lenye mlango wa pili. Anayependa biolojia na hachukii darasa, achukue shahada ya sayansi yenye ualimu badala ya ile tupu. La pili ni fildi: omba nafasi ya mafunzo kwa vitendo mapema, kwenye maabara au hifadhi inayoajiri, badala ya kusubiri kupangiwa popote. La tatu ni ujuzi unaotajwa kwenye matangazo yale yale ya hatua ya 2, hasa takwimu, ramani za kidijiti na viwango vya ubora wa maabara. Jifunze kimoja hadi uweze kuonyesha kazi uliyoifanya.

Stashahada nayo isidharauliwe. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 HESLB imekuwa ikikopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na aliyepitia stashahada, akaajiriwa, anaweza kurudi kusoma shahada akiwa na mshahara.

## Hatua ya 8: Panga machaguo na uyaandike

Weka mbele kozi ambayo hata mstari wake mbaya wa miaka 10 unaweza kuishi nao. Ya pili iwe ile yenye mstari mzuri zaidi lakini yenye hatari iliyozidi kidogo. Kozi ambayo inapendeza tu iwapo kila kitu kitakwenda sawa iwe ya mwisho, au iondoke.

Chini ya kila chaguo andika sentensi moja ya sababu, kwa mfano: "Nimechagua shahada ya sayansi na ualimu kwa sababu jina lake limetajwa kwenye matangazo mengi, na watu wanne kati ya watano walipata kazi ndani ya miaka miwili." Msomee mzazi wako sentensi hiyo kwa sauti. Ukijikuta unaongeza "nasikia" au "wanasema" katikati yake, rudi hatua ya 2 kwa kozi hiyo.

Daftari lisitupwe baada ya udahili. Ukipata nafasi katika vyuo viwili, utatakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya siku chache, na siku hizo huwa za simu nyingi na ushauri wa kila rafiki. Fungua ukurasa wa kozi husika, soma mistari yake miwili ya miaka 10, ndipo uthibitishe.